Mhojiwa wa Kumi na Mbili

Mteremko ule haukuwa na jina, au ulikuwa nalo likachukuliwa pamoja na vitu vingine. Walioandika habari zake waliuita "eneo la utafiti", na wenyeji nao, kwa kuzoea kuitwa, wakaanza kusema hivyo hivyo: naenda kuchuma mboga huko chini ya eneo la utafiti, mvua mwaka huu imeligomea eneo la utafiti. Siku za pale hazikupangana. Gulio la Jumanne liliweza kuja mara mbili katika juma moja, kisha likapotea mwezi mzima. Ukimwuliza mtu jambo fulani lilitokea lini, atakwambia mwaka jana, na mwenzake aliyeketi naye benchi moja atakwambia miaka saba iliyopita, na wote wawili watakuwa wamesema kweli.

Hapo aliishi mwanamke mmoja mzee aliyekuwa akiiogopa asubuhi.

Giza halikumsumbua, maana giza halimdai mtu aonekane. Ila kulipokucha, kabla hajashusha mguu kitandani, ilimbidi aite jina moja, kisha asubiri.

"Nakundwa!"

Zamani jibu lilikuwa linakuja hapo hapo kutoka jikoni, limechanganyika na moshi na kikohozi. Siku hizi alikuwa anahesabu. Jana alifika tisa. Leo alihesabu moja, mbili, tatu, akafika tisa, akaipita, akafika kumi na nne, ndipo sauti ikaja kama inatoka chini ya mtungi.

"Abee, mama. Nipo. Si nipo?"

Lile "si nipo" ndilo lililomtetemesha. Mtu aliyepo haulizi.

Sasa, pale mteremkoni mwanamke akishazaa huliacha jina lake la usichana kama mtu anavyoacha kiatu kilichombana, na tangu siku hiyo anaitwa kwa mtoto wake. Yeye aliitwa Mama Nakundwa miaka thelathini na zaidi. Aliitwa hivyo kisimani, kanisani, kwenye foleni ya zahanati, mpaka lile jina la kwanza likamtoka kabisa na wala halikumuuma. Lakini karibuni majirani walikuwa wamepata tatizo. Wakikutana naye njiani, walifungua kinywa vizuri tu, wakaanza, "Mama...", kisha wakasimama hapo, wanatafuta. Mama nani vile? Hawakuwa wanamdhihaki. Waliona haya, wakakohoa, wakamalizia kwa kumwita mama tu, au bibi, na siku moja mmoja wao alimwita Mhojiwa. Akawa mama asiye na jina mbele yake, kama fremu ya mlango iliyosimama uwanjani na nyumba haipo.

Na yote hayo yalianza kwa wema. Hilo alikuwa anajirudia mwenyewe kila siku, huku anachambua maharage, huku anafagia. Yalianza kwa wema.

Mwulizaji alipokuja mara ya kwanza alikuja na daftari tupu, kinasa sauti kidogo kama kipande cha sabuni, na viatu vya kahawia vilivyofungwa kamba vizuri. Kila alipokuja tena alikuja na sura nyingine. Safari moja alikuwa kijana, safari nyingine mwanamke mwenye miwani, safari nyingine mtu mzima mwenye mvi masikioni. Ila viatu vilikuwa vile vile, ndiyo maana watu hawakujisumbua kumpa majina mengi. Siku hiyo ya kwanza aliwaketisha akawauliza, mnaishije? Wakamwambia, tunaishi. Akawauliza, changamoto zenu ni zipi? Wakatazamana. Aa, za kawaida tu, wakasema. Wakaona uso wake unaanguka.

Hapo ndipo kosa lilipoingilia. Pale mteremkoni mgeni hapewi jibu la hapana. Akiuliza kama kuna ndizi na hakuna, unamwambia zipo jikoni zinaiva, kisha unapita uani kwenda kukopa kwa jirani. Ndivyo walivyolelewa wote. Basi mgeni huyu alikuwa ametoka mbali, miguu imejaa vumbi, na anachokitaka ni shida tu, kitu chepesi hivyo, na wao wamkatalie? Wakampikia. Mmoja akasema maji ndiyo tabu. Uso wa Mwulizaji ukapata nuru. Mwingine akaongeza chumvi: "Maji? Maji tumeyasahau!" Na nyuma yao pale pale ilikuwako ndiva, lile bwawa la mawe walilojengewa na babu zao, linalokusanya maji ya mfereji yakafunguliwa kwa zamu kwenda mashambani. Lilikuwa limejaa hadi mdomoni. Mwulizaji hakugeuza shingo. Aliandika. Akarudi baada ya muda, akawasomea alichoandika, maana utaratibu wake ulikuwa hivyo, ripoti haiwi ripoti mpaka isomwe mbele ya wenyewe na kila aliyesema atie kidole gumba. Mkutano huo aliuita mrejesho. Wakatia vidole. Utakataaje kula ulichokipika mwenyewe?

Kesho yake ndiva ilikuwa tope lililopasuka.

  Walisimama ukingoni, wakatazama chini, wakarudi nyumbani mmoja mmoja. Kisha Shirika lililomtuma Mwulizaji likaja na tangi jeusi la plastiki, bomba moja, na kibao chenye maandishi, wakapiga makofi. Na katikati ya makofi kila mtu alikuwa anakitazama kidole chake kwa wizi.

Alikuwa amesoma miaka michache tu, yule mwanamke, akaacha shule akiwa bado anafuata herufi kwa kidole. Pengine ndiyo maana fikra zake zilikuwa za taratibu, zinafuata jambo moja mpaka mwisho wake bila kurukia jingine. Alijiuliza: kitu kinakuwapo kwa sababu gani? Jiwe lipo kwa sababu ukilikanyaga linaumiza. Maji yapo kwa sababu ukiyanywa kiu inaondoka. Lakini maji yale yalikuwapo, na yalinywewa, na yalilowesha miguu ya watu waliosema hayapo, na bado yaliondoka. Kwa hiyo kuna pahali fulani mbali, mezani kwa mtu fulani, ambapo kuwapo kunaamuliwa, na huku chini sisi tunapokea tu kama tunavyopokea mvua. Huyo wa mezani hajawahi kuonja maji yetu. Hajui hata kama tupo. Hana ubaya na sisi. Anasoma tu, akigeuza ukurasa, na kule kugeuza ukurasa ndiyo upepo unaotupitia sisi huku. Alipofika hapo aliuweka ungo chini, akatazama mlango, akaogopa.

Maana safari iliyofuata, Shirika lilitaka habari za wajane wasio na mtu, na lilitaka kumi na wawili. Wakipungua, ripoti haipokelewi, na ripoti isipopokelewa tangi halijazwi. Mwenyekiti wa mteremko, Mzee Senkondo, mtu mcheshi mwenye tumbo dogo na wasiwasi mwingi, alizunguka nyumba kwa nyumba akapata kumi na mmoja. Mchana huo akaja kwake, Mwulizaji yuko nyuma yake.

"Mama Nakundwa, tuokoe," Senkondo alimnong'oneza mlangoni. "Ni neno moja tu. Mzee wako si amekufa kweli? Nusu ya jibu unayo tayari."

Mwulizaji akawasha kinasa. "Hapa unaishi na nani, mama?"

"Peke yangu."

"Watoto?"

"Sina mtu."

Nyuma ya ukuta wa jiko Nakundwa alikuwa anamenya ndizi. Akasikia. Akacheka, kile kicheko cha mtu anayejiziba mdomo kanisani na kinampenya kwenye vidole. Mwulizaji akainua kichwa.

"Nini hiyo?"

"Kuku," Senkondo alisema haraka.

Mwulizaji akaandika.

Kidole kilikuwa bado, mrejesho ulikuwa bado, lakini maneno yalikuwa yameshaanza kuiva ndani ya daftari. Mwezi wa kwanza watu walisahau kumwekea Nakundwa kiti. Mwezi wa pili waliacha kumsalimia. Au ilikuwa mwaka. Sasa hata mama yake, akimtazama asubuhi ile jikoni, aliuona mkono tu, ule wa kulia wenye kovu la kisu lililokata kidole gumba kwa mshazari, na pindo la kanga. Usoni palikuwa na kitu kama mvuke wa sufuria ya makande. Unajua uso upo, huushiki.

"Jana nimepita katikati ya kuku wa Mama Ndeshi," Nakundwa alisema. "Hakuna aliyenipisha. Kuku, mama! Hata lile jogoo linalojifanya mwenyekiti."

"Usicheke."

"Nilie? Nikilia nani atanifuta, na wewe mwenyewe unanitafuta kwa macho kama mtu aliyedondosha sindano."

Mama akakaa kwenye kigoda.  "Leo ni mrejesho."

"Najua."

"Wakishasoma, na mimi nikishatia kidole..."

"Najua, mama."

"Nitamwahi. Kabla watu hawajakusanyika nitamwambia nilikosea, ninaye mtoto."

"Mwambie pia sikuwa kuku."

Mama akatoka. Njiani alikutana na Mama Ndeshi, jirani wa ukuta kwa ukuta, anatoka bombani na ndoo kichwani.

"Shikamoo, mama..." Akatafuta. Akakosa. "Mama."

"Marahaba, Mama Ndeshi."

Mama Ndeshi alishusha ndoo, jambo ambalo mtu halifanyi katikati ya kilima ila ana neno zito. "Nasikia unakwenda kubadilisha maneno."

"Umesikia kwa nani?"

"Njia nzima inasema. Mama yangu, mimi nakuomba. Nina watoto wanne. Ndiva ndiyo ile, imekuwa uwanja wa mbuzi. Hili bomba likifungwa niwanyweshe nini, mate?"

"Na wangu mimi?"

"Wako nani?"

Alimwuliza kwa macho safi kabisa. Hakukuwa na ubaya ndani yake, na hilo ndilo lililomwingia mwanamke yule mbavuni kama baridi.

"Nakundwa. Aliyekusuka nywele siku ya ubatizo wa Ndeshi. Mlikaa pale kwenye ngazi yangu, ukawa unalalamika anakuvuta."

Mama Ndeshi akapeleka mkono kichwani, pole pole, akaugusa utosi wake kama si wake. "Kuna mtu alinisuka," alisema. "Nakumbuka mikono. Mikono mizito." Kisha hofu ikamjaa usoni. Akabeba ndoo bila kuipangia kata, maji yakamwagikia mgongoni, akashuka karibu kukimbia.

Mwulizaji alikuwa katika darasa la shule, mahali pa mrejesho, anapanga madawati. Safari hii alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, mwenye sauti ya mtu anayeuguza. Alimkaribisha mwanamke kwa mikono miwili. Alipoambiwa kuna neno la kurekebisha, alifurahi kweli, akatoa kinasa.

"Usikiwashe, baba."

"Ni utaratibu tu, mama." Taa nyekundu ikawaka.

Akamwambia. Alimwambia yote, kwa mpango, tangu Senkondo alivyokuja kuomba neno moja, mpaka ndizi, mpaka kucheka. Mwulizaji alitikisa kichwa kwa huruma. Kalamu ilikuwa inatembea.

"Hebu nisomee."

"'Mhojiwa wa Kumi na Mbili, mjane,'" alisoma, "'anaendelea kuzungumza na mtoto aliyempoteza. Husikia sauti yake jikoni.'"

"Sikumpoteza! Yuko nyumbani, nimemwacha sasa hivi!"

Akaongeza neno. Mwanamke akanyoosha shingo, akalifuata kwa kidole kama zamani shuleni. *Anasisitiza.*

"Mimi nilikudanganya siku ile, baba. Andika hivyo. Andika mama huyu ni mwongo."

"'Anajilaumu,'" Mwulizaji alisema taratibu, akiandika. "Siandiki uongo, mama. Naandika ninachoambiwa."

Mwanamke akaelewa. Ilikuwa kama uzi uliofundikwa vibaya, kila unapovuta kulegeza ndipo unapokaza. Akajiziba mdomo kwa mkono asije akasema neno jingine likamnyonga mwanawe.  Mwishowe aliuondoa mkono, akauliza lililokuwa linamsumbua siku nyingi.

"Na wewe nani anakusoma?"

Mwulizaji akatazama viatu vyake. "Kila ripoti ina anayeisubiri," alisema. "Nikimpelekea kumi na mmoja..." Hakumalizia. Na mwanamke aliona, wala hakuota, uso wake mpole unatikisika kama uso ulio juu ya maji mtu akitupa changarawe, ukataka kuwa wa kijana, ukataka kuwa wa mwanamke mwenye miwani, kisha ukatulia. Jasho lilikuwa linamtoka. Huyu naye anaogopa, alifikiri. Tumeshikwa wote, ila yeye kashikwa karibu zaidi na mkono unaoshika.

Alirudi nyumbani mbio za kizee. Akasimama mlangoni.

"Nakundwa!"

Kumi. Ishirini. Arobaini. Alihesabu mpaka namba zikamwishia, kwa sababu shule yake haikwenda mbali, akaanza upya. Jiko lilikuwa safi. Maganda ya ndizi yalikuwa kwenye ungo, bado mabichi. Hakuna kikohozi. Sauti ilikuwa imekwenda na lile neno *anasisitiza*.

Ndipo kitu kikamkalia begani, kushoto. Kizito, kina joto, kinanuka utomvu wa ndizi.

Mkono.

Hakugeuka. Aliogopa akigeuka ataona hakuna. Akairekebisha kanga yake kana kwamba ni siku ya kawaida, akatoka, na mzigo ule mdogo ukatoka naye.

Alitembea. Mawazo yakawa yanamjia vipande vipande, kama mtu anayeokota punje.

Nilimzaa siku ya mvua ya mawe. Hiyo naikumbuka mimi, haimo kwenye daftari.

Nikikataa, watoto wa Mama Ndeshi.

Nikikubali, mkono huu.

Wema wangu ulikuwa wa nini? Neno moja. Nilitoa neno moja kama unavyompa mtu chumvi dirishani.

Usiondoke. Kaa hapo hapo. Uzito wako nauweza.

Darasa lilikuwa limejaa. Wajane kumi na mmoja wameketi madawati ya mbele, wengine wamesimama madirishani, vichwa juu ya vichwa. Katika wale kumi na mmoja wapo waliokuwa kweli hawana mtu. Wengine walikuwa naye zamani na sasa hawakujua tena kwamba walikuwa naye. Mmoja wao, mwanamke mwembamba kutoka nyumba za juu, alikuwa kila mchana anapakua sahani mbili, kisha anaitazama ile ya pili akijiuliza nani kaiweka pale. Yeye ndiye aliyemsogezea nafasi. Mwanamke akaketi. Akajibana pembeni kidogo, akaacha upenyo wa mtu mmoja ubavuni mwake.

Mwulizaji akasoma. Alisoma vizuri, kwa huruma, na kadiri ripoti ilivyosomwa watu walianza kufanana nayo. Mabega yalishuka. Kwenye madirisha mashavu yaliingia ndani. Alipofika kwa Mhojiwa wa Kumi na Mbili, mkono begani ukaanza kuwa mwepesi, neno kwa neno, hata ukawa kama jani.

"Ndivyo mlivyo?" Mwulizaji aliuliza alipomaliza.

"Ndivyo tulivyo," darasa likaitikia, kwa adabu.

Karatasi yenye visanduku kumi na viwili ikapita dawati kwa dawati, na pedi ya wino wa bluu. Kidole, kidole, kidole. Ikafika kwake, ikalazwa mbele yake. Kisanduku kimoja kilikuwa kimebaki, cheupe.

Akakunja ngumi, akaitia mapajani.

"Mama, kidole," Senkondo alisema, anatabasamu kwa ajili ya mgeni.

"Sitii."

"Hahaa. Mama anapenda utani." Akainama sikioni kwake, tabasamu halijabanduka. "Mama, usinitie aibu. Nitakununulia sabuni ya kunawa huo wino, ya unga, ya maji, utakayo."

"Nimesema sitii, Senkondo. Na wewe unajua hakuwa kuku."

Tabasamu likamdondoka. Dirishani mtu alipiga kelele, "Bibi, watoto wana kiu!" Mwingine, "Mshikeni tu huo mkono, si kidole tu?" Mwingine akacheka kicheko kibaya cha woga. Madawati yakaburuzwa. Senkondo akamshika kifundo cha mkono, wakawa wanavutana chini ya dawati kama watoto wanaogombania kifutio, wazee wawili, na hakuna aliyekuwa anaitazama karatasi.

Hapo begani pakawa patupu.

Hapakuwa na uzito tena, wala joto, wala ile harufu ya utomvu. Aliacha kuvuta.  Alitaka kuita, akajua akiita itaandikwa. Akakaa na ngumi yake, na ule upenyo wa mtu mmoja ubavuni mwake, na akawaza, basi. Nimechelewa. Nimeshindana na Senkondo huku mwanangu anaondoka.

"Mwacheni mama," Mwulizaji alisema kwa uchovu, akija. Akaichukua karatasi, akaihesabu kwa ncha ya kalamu. "Mbona tumekamilika? Kumi. Kumi na moja. Kumi na..."

Kalamu ikasimama.

Katika kisanduku cha mwisho palikuwa na alama ya kidole, mbichi, inang'aa. Ilikuwa kubwa, ya mtu anayefanya kazi, na katikati yake mstari mweupe ulikata kwa mshazari, pale wino usipofika kwa sababu ya kovu.

Mwanamke akatoa ngumi mapajani, akaiweka juu ya dawati, akaifungua mbele ya watu wote. Kiganja kilikuwa kikavu. Kidole gumba kilikuwa safi.

 Mwulizaji alikitazama kidole kile, akaitazama karatasi, akakitazama tena. Uso wake ukaanza kutikisika. Alikuwa ameuliza maswali maisha yake yote, na kila swali alikuja nalo likiwa na nafasi ya jibu imeshapigiwa mstari. Hili lilimtoka likiwa tupu.

"Hiki ni cha nani?"

"Cha mwanangu."

"Yuko wapi?"

"Andika kwanza. Utamwona."

"Siwezi kuandika mtu nisiyemwona, mama."

"Ulimtoa bila kumwona," alisema. Sauti ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. "Alikuwa nyuma ya ukuta, hukugeuza shingo. Mrudishe hivyo hivyo. Vidole unavyo kumi na viwili, ripoti yako imetimia, watoto watakunywa. Lakini mmoja ametia kidole, na huyo mmoja si mimi. Yule anayekusubiri huko akikuuliza ni nani, utamwambia nini?"

  Kutoka dirishani ikaja sauti ya Mama Ndeshi, inaparuza, kama mtu anayeamshwa.

"Mama Nakundwa."

Watu wakageuka. Mama Ndeshi alikuwa amejiziba utosi kwa mkono mmoja, na kwa mwingine anaonyesha kidole.

"Mama Nakundwa. Begani kwako."

Akainamisha shingo. Juu ya kanga yake, upande wa kushoto, palikuwa na alama ya dole la bluu, bado inaloa ndani ya kitambaa. Akasikia, taratibu, uzito unarudi. Dawati, pale alipoacha upenyo, likalia kama linavyolia mtu akikaa.

Mwulizaji akaweka ncha ya kalamu kwenye karatasi. Nukta ya kwanza ikawa doa.

"Jina lake?" aliuliza, kwa kunong'ona.

Akamtajia, kwa kituo, kama unavyomtajia mtoto anayejifunza, na kalamu ikawa inamfuata. Ilikuwa bado haijamaliza wakati watu wote darasani, wajane kumi na mmoja, Senkondo na wale wa madirishani, waliposikia, karibu yao kabisa, mtu anacheka huku amejiziba mdomo.